Mama Inatosha wa Kituku

Ukitaka kumjua Mama Shakila wa Kituku, pale Goma, usianze na samaki wake, ingawa samaki wake wana sifa mpaka mtaa wa Murara. Anza na mikono yako mwenyewe. Utaketi kwenye benchi, utakunja mikono ya shati, naye atakuja na birika na beseni, maana mwanamke mwenye asili ya Maniema hamwachi mgeni aende kujinawia peke yake kama asiye na kwao. Atainamisha birika. Maji yatachuruzika membamba, utayapokea kwa viganja viwili, utaanza tu kuyafurahia, na hapohapo birika litainuka na utasikia neno moja.

"Inatosha."

Wateja wake ni wachuuzi wa samaki, madereva na watu wa mitumbwi, na watu hao hawana dogo.

"Mama, haya ni mayi ao ni dawa ya macho?" dereva mmoja alimuuliza mwaka ule wa ukame, mikono ikiwa hewani na povu limemfika kwenye kiwiko.

"Ni mayi, papa. Inatosha."

"Na hii sabuni niipeleke wapi?"

"Ipanguse kwanza. Nitakuongeza kidogo."

Benchi zima likacheka. Ndivyo jina lake mwenyewe, Shakila, lilivyokufa, akabaki Mama Inatosha. Mgeni akiuliza njia pale kwenye soko la samaki, ataambiwa apande kidogo, aulize kwa Mama Inatosha, na hata kuku watamwonyesha. Mwenyewe alilisikia jina hilo akalipokea. Yalikuwapo majina mabaya zaidi aliyopewa chini kwa chini, na hayo pia alikuwa ameyasikia.

Mtu asiyeijua Goma atashangaa kusikia habari ya ukame. Ataliona ziwa Kivu limejaa pale chini, aulize ni kiu gani hiyo. Mwache aulize. Ziwa halina miguu. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, mawe yanayokunywa mvua yote na hayarudishi hata asante. Hakuna mto, hakuna kisima. Bomba la mtaa hukoroma tu, na tangu vita viingie mjini hata kukoroma limepunguza. Kwa hiyo kila tone ama lishuke kutoka mbinguni kupitia bati lako, ama lipande kutoka ziwani ndani ya bidoni, lile dumu la plastiki, mgongoni mwa mwanamke au juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa na wanaume wenye vifua. Mwaka huo mvua iliondoka bila kuaga, na kiangazi kikakaa kama mgeni aliyesahau njia ya kwao. Oktoba ikafika, na mbingu bado zilikuwa nyeupe kama sahani.

Biashara za mtaa zikaanza kuumia moja moja. Aliyekuwa akiosha pikipiki kando ya barabara alikunja mpira wake akabaki na kitambaa. Charline, jirani wa Shakila mwenye saluni, alianza kuwakataa wateja wa kuoshwa nywele, nao wakaanza kumkataa yeye. Mwishowe akavuka kichochoro, akasimama mlangoni pa jiko akiwa na haya kidogo, maana alikuwa miongoni mwa waliocheka sana.

"Mama, weye unafanyaka namna gani? Siye wote tumekauka, na kwako batu bangali banakula."

Shakila hakuwa mwalimu mpole. Alimshika mkono akamzungusha jikoni kama anamkabidhi kwa polisi. Samaki wake walipaliwa magamba na kusafishwa kulekule ziwani kabla ya kupanda, na mchuuzi aliyemletea samaki mchafu alirudi naye. Sahani zilipanguswa kwa majivu na maganda ya mahindi, kisha zikasuuzwa kwa maji yaliyokwisha kuosha mchele. Maji ya mikono ya wateja hayakumwagwa: yalipitishwa kwenye pipa la mchanga na changarawe nyeusi, yakatokea chini na rangi ya chai hafifu, yakasugua sakafu, na kutoka sakafuni yakaenda kwenye magunia yaliyopandwa lengalenga, mchicha wa huko, nyuma ya ukuta.

"Usimwange mayi ingali na nguvu," alimwambia. "Ile ya mwisho ya kichwa hiki, haina tena sabuni, ifanye ya kwanza ya kichwa kile. Mayi ifanye kazi mpaka ichoke. Ikichoka, ipe mboga."

Charline alifanya hivyo, na saluni ikafunguka tena. Habari zikaenea. Mwosha pikipiki akaja, muuza chai akaja, na watu wakaanza kusema kwamba yule mama ana akili ya biashara, haba na haba hujaza kibaba. Walimsifu, lakini walikosea. Kilichomfundisha Shakila kubana maji hakikuwa akili ya biashara. Kilikuwa woga.

Nyuma ya jiko lake lilikuwapo shimo la maji, refu kuliko mtu, lenye mdomo mwembamba na mfuniko wa chuma. Mumewe Mahamudi alilichonga kwa mikono yake katika jiwe la volkano, akalipaka simenti, akaelekeza humo mifereji yote ya paa. Shimo hilo ndilo lililousimamisha mkahawa. Miaka ya mvua nzuri ungeweza kuinama na kuchota kwa kikombe.

Sasa, kila mahali duniani mtu mwenye akili hulisafisha shimo lake likikaribia kukauka, kabla mvua haijarudi, kwa sababu maji yakiwa machache ndipo tope linapokwanguka. Mahamudi alikuwa na akili. Kiangazi kimoja, miaka kadhaa nyuma, alivua shati akashuka na ndoo na jembe fupi. Shakila alikuwa barazani akinawisha wateja. Mafuta yalikuwa yanachemka, redio inapiga kelele, watu wanamwita huku na huku. Alipokwenda nyuma kuchukua makaa, aliona kamba ya ndoo imelala ukingoni, haijavutwa. Akachungulia. Mumewe alikuwa ameketi kwenye tope, kichwa kimeegemea ukuta, kama mtu aliyechoka akaomba dakika moja ya kupumzika.

Watu wa Goma wana jina la kitu kile: mazuku. Ni upepo mbaya unaotoka katika nyufa za mawe ya volkano, hauna rangi wala harufu, mzito, unajilaza mahali pa chini kama maji. Mbuzi akiingia bondeni mwake hatoki. Lakini watu wamezoea kwamba mazuku ni ya kule nje, njia ya Sake, ambako hata wachungaji wanayajua na kuyakwepa. Nani angefikiri yamo uani mwake, chini ya mfuniko wake? Shimo likiwa limejaa maji, upepo huo hauna pa kukaa. Maji yakishuka, unaingia pole pole kupitia nyufa na kukalia nafasi iliyoachwa wazi.

Shakila alijifunza hilo akiwa amechelewa. Baada ya arobaini alishusha taa ya mafuta kwa kamba, na ikazimika. Mvua iliporudi akawa anaishusha mara kwa mara, mpaka akajua: ukutani mwa shimo kulikuwa na jiwe jeusi lililojitokeza, na maji yakilifunika jiwe hilo, taa ilishuka ikiwaka mpaka ikagusa maji. Yakiwa chini ya jiwe, taa ilikufa. Basi akafunga kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, na maisha yake yote yakawa kazi moja, kulifunika lile jiwe. Kila birika aliloliinua mapema, kila "inatosha" aliyomwambia dereva mwenye povu, ilikuwa kwa ajili ya jiwe.

Na lilikuwapo jambo jingine, ambalo halikuwa na jiwe la kulipimia. Siku ya matanga mama mkwe alimuuliza swali moja tu, mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani: "Hakukuita?" Shimo lilikuwa karibu na baraza kiasi kwamba ukiwa barazani ungesikia mtu akikohoa ndani yake. Mahamudi alimwita, naye Shakila akaendelea kunawisha watu? Au hakumwita, na kwa nini mtu asiite? Wanawake walitazamana. Tangu siku hiyo Shakila hakupata usingizi wa kweli, na tangu siku hiyo wapo waliosema kwamba upepo usioonekana ni mwepesi wa kusingizia.

Alitaka kuondoka, usidhani hakutaka. Binti yake Alima alimwita Bukavu akakae naye, ampakatie wajukuu. Lakini kiwanja kile angemwachia nani? Walikuja wanunuzi, na kila mmoja alimfungulia mfuniko akamwambia ukweli, na kila mmoja akakumbuka shughuli nyingine. Dalali alimkaripia: angenyamaza tu, nyumba ingekuwa imeuzika. Angenyamaza, na mke wa mtu mwingine angechungulia siku moja. Alifikiri kulijaza mawe, maana mawe Goma ni ya bure, lakini mkahawa ungekufa siku hiyohiyo, na yeye hakuwa na mlango mwingine wa kula. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Chake kilikuwa uani, na kila siku alikwenda kukichota.

Ukame wa mwaka huo ulimshinda. Alibana mpaka samaki wakaanza kulalamika, lakini kila alipofungua mfuniko maji yalikuwa yameshuka kuliko alivyochota. Ukweli ulikuwa kwamba tetemeko fulani la ardhi lilikuwa limeacha ufa ukutani, na shimo lilikuwa linavuja. Yeye alihesabu matone mikononi mwa watu, kumbe huko chini maji yalikuwa yanajiendea zake. Asubuhi moja aliliona jiwe jeusi limetoka, kavu juu, kama kisogo cha mtu. Alifunga mfuniko haraka.

Wiki hiyohiyo alikuja Assani, mdogo wake Mahamudi, mfanyabiashara wa mchele, mwanaume wa mizaha aliyependwa na kila mtu. Shemeji na shemeji ni watani, na hao wawili walikuwa wametaniana miaka yote juu ya jambo wasilolitaja. Alinyoosha mikono kwenye beseni.

"Shemeji, ninawishe vizuri, miye si muteja."

"Inatosha."

"Hata jasho yangu inatoka zaidi ya hii." Alikula, akapangusa mdomo, na mzaha ukamtoka usoni. "Sikia. Tangu ile tetemeko mashimo ya mtaa imepasuka, hata ile yako inavuja. Uko unabana mikono ya batu, na kule chini mayi inaenda bure. Nitakuya na Zéphirin, maçon, tushuke tuzibe ufa na simenti mbele mvua haijarudi. Sasa mayi iko kidogo, ndiyo wakati."

Hayo ya mwisho yalikuwa maneno ya Mahamudi, neno kwa neno. Shakila aliketi bila kutaka.

"Hapana."

"Juu ya nini hapana?"

"Unajua juu ya nini."

"Sijui!" Assani alisema, na watu wa benchi la pili wakageuka. Alishusha sauti. "Sijui, shemeji. Miye nilikuwa Kindu. Nilifika, nikakuta kaburi. Kaka yangu alikunywa chai asubui, alasiri mukamuzika, mukaniambia upepo. Upepo gani unaua mutu na hauzimishe hata redio? Weye ulikuwa hapa. Alikuita ao hakukuita?"

Swali lilelile, safari hii kwa sauti inayofanana na ya mumewe. Shakila aliinua sahani yake tupu.

"Kiwanja ni ya familia," Assani alisema akiinuka. "Ijumaa, kisha sala, nitakuya. Usipofungula, nitavunja kufuli."

Akaondoka, na Shakila akabaki na sahani mkononi. Alizunguka jambo hilo kama mbuzi anavyozunguka mti aliofungwa, na kila mzunguko kamba ikazidi kuwa fupi. Akikataa, watasema anaficha kitu. Akikubali, Assani atakufa. Na Assani akifa, watakuwa ndugu wawili, shimo moja na mwanamke mmoja, na hakuna mtaa utakaosikiliza habari za mazuku. Alifikiri kutoroka usiku, akacheka mwenyewe kwa uchungu: akitoroka, shimo litabaki na Assani atalishukia bila hata mtu wa kumwonya.

Ijumaa wakaja. Assani alikuwa bado na kanzu yake ya msikitini mkononi, amevaa suruali ya kazi. Zéphirin, fundi wa kujenga, alitangulia na mfuko wa simenti begani. Wateja waliacha sahani zao wakafuata nyuma, Charline akaja na kitana mkononi. Shakila hakubishana. Alifungua kufuli mwenyewe, akawasha taa, akaishusha kwa kamba mbele ya macho yao. Ilishuka ikiwaka vizuri. Ilipofika usawa wa jiwe jeusi, mwali ukawa mdogo, ukawa wa buluu, ukalala.

"Kamba imeitikisa," Assani alisema.

Shakila akaipandisha, akaiwasha tena, akaishusha. Ikafa palepale.

Zéphirin aliweka simenti chini. Alikuwa mtu wa milima ya Masisi, amekua nyuma ya ng'ombe, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Papa Assani, hii ni mazuku. Kwetu nimeona ng'ombe muzima anaingia mu bonde kama hii, anapiga magoti kama anasali, imeisha. Miye sishuke. Hata kwa kazi ya mwaka, sishuke."

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini Assani alikuwa amekuja na watu nyuma yake, na mwanaume mwenye watu nyuma hapati pa kugeukia. Tena, tuseme ukweli, hakuwa anatafuta ufa. Alitaka kusimama mahali kaka yake aliposimama, atoke mzima, kisha amtazame Shakila machoni.

"Shemeji," alisema akicheka kicheko kikavu, "miye si taa ya mafuta."

Shakila aliona kwamba atashuka. Hapo woga wake ukageuka kuwa kitu kigumu. Alichukua kamba ya mtumbwi kutoka kwa mteja mmoja, akaipitisha chini ya kwapa za shemeji yake, akaifunga kifuani mafundo juu ya mafundo, akikaza kwa goti kama anafunga mzigo wa chukudu. Akawapa wanaume mwisho wake.

"Utasema bila kunyamaza," alimwambia. "Unasikia? Ukinyamaza, tunakuvuta."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nitukane."

Watu wakacheka, na Assani akashuka, akikanyaga vidato alivyochonga kaka yake. Sauti yake ilipanda kutoka shimoni ikiwa na mwangwi. "Huku ni giza, ningeomba taa ya pili lakini najua mutu atasema inatosha." Kicheko. "Naona ufa, Zéphirin, inashuka mpaka mu mayi! Kidole chote inaingia. Shemeji, ulikuwa unanyima batu mayi na hapa ilikuwa inatoka kama mukojo wa punda." Kicheko tena. Shakila hakucheka, alikuwa amepiga magoti ukingoni, sikio lake ndani ya shimo. "Sasa nakanyaga jiwe moja nyeusi. Iko kitu inanipanda mu pua, kama vile Fanta. Inachoma, lakini ni..." Akacheka kidogo, peke yake.

Kisha kimya.

"Assani?"

Kimya.

"Assani, sema!"

"Ngoja, mama," mmoja wa washika kamba alisema akitabasamu. "Shemeji wako anakutania."

Shakila hakungoja. Kimya hicho alikuwa ameishi nacho miaka yote hiyo, alikijua kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake. Aliikamata kamba akaivuta peke yake, ikamchuna viganja, na sauti iliyomtoka ilimshtua hata yeye mwenyewe. "Vuteni! Anakufa, vuteni!"

Zéphirin aliruka kwanza, kisha wengine. Kamba ikakwama kwenye jiwe, ikaachia, na Assani akatokea kwenye mdomo wa shimo kama gunia, kichwa kinaning'inia, uso umekuwa rangi ya majivu. Wakamlaza uani. Hakupumua, au kama alipumua hakuna aliyeona.

Na hapo watu wa Kituku wakaona jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Mama Inatosha alikimbilia pipa la jikoni, maji ya siku nzima, maji ya kupikia, ya birika, ya sahani, yote aliyokuwa ameyabana kikombe kwa kikombe, akaja na ndoo ya kwanza akammwagia Assani usoni. Akarudi na ya pili. Akarudi na ya tatu. Maji yalitapakaa uani, yakaingia kwenye viatu vya watu, mawe ya volkano yakayanywa kwa sauti. Charline alipiga kelele, "Mama, mayi!"

"Acha iende!" Shakila alijibu, akalipindua pipa lenyewe.

Assani akakohoa. Akakunjamana, akatapika, akavuta pumzi ndefu yenye mluzi, na wanawake wakapiga vigelegele huku wakilia. Alifumbua macho akayazungusha, akimtafuta mtu mmoja.

"Shemeji."

"Niko hapa."

"Juu ya nini hamukuitika?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeonewa. "Niliita. Niliita sana. Nilikuita weye, kwa jina."

Watu wakatazamana. Zéphirin akachuchumaa karibu naye. "Papa Assani, hukuita. Siye wote tulikuwa juu ya shimo, masikio yote kwako. Ulicheka kidogo, ukanyamaza."

"Niliita," Assani alishikilia. "Nilisikia sauti yangu mwenyewe."

Shakila aliketi palepale kwenye maji. Alikuwa amelisikiliza shimo lile kwa sikio lake lote, bila redio, bila mafuta yanayochemka, bila mteja hata mmoja wa kumnawisha, na haukutoka hata mnong'ono. Basi Mahamudi naye alimwita. Alimwita kwa jina, akaisikia sauti yake mwenyewe, akangoja aje. Na hakuna sikio duniani ambalo lingemsikia. Jibu la swali la mama mkwe lilikuwa hilo, lilikuwa limemngoja shimoni miaka yote, na Shakila hakujua kama limemfungua au limemfunga upya. Alilia kwa sauti, mbele ya wateja, kama ambavyo hakulia hata siku ya matanga.

Assani alimtazama akilia. Pole pole kitu kilimwingia akilini, uso wake ukavunjika.

"Basi na kaka..." alisema, hakumaliza.

"Na yeye," Shakila alisema. "Na yeye pia."

Siku iliyofuata Assani, miguu bado ikiwa mizito, alionekana akisukuma chukudu kutoka ziwani na bidoni zimepangwa mpaka kifuani. Alizimimina zote shimoni. Kesho yake alikuja na Zéphirin, kesho kutwa wakawa na mwosha pikipiki, na mwishowe ikawa desturi ya mkahawa: anayepanda kutoka Kituku kuja kula, apande na bidoni yake. Wapita njia waliwacheka. Ndiyo, ukame umewapanda vichwani, wanamwaga maji shimoni! Wenyewe waliendelea kumimina. Ufa ulikuwa bado wazi, hakuna wa kushuka kuuziba, kwa hiyo waliyomimina asubuhi yalipungua jioni na kesho walimimina tena, mpaka lile jiwe jeusi likazama. Alima alipiga simu kutoka Bukavu, akamwuliza mama yake atakwenda lini. Shakila alimwambia atamjulisha, na wote wawili walijua maana yake.

Mvua ilikuwa bado haijanyesha siku Assani alipokaa tena kwenye benchi lake kama mteja. Shakila alimjia na birika na beseni. Aliinamisha, maji yakatoka mazito, yakamjaa viganja, yakapita vidoleni, yakamlowesha mikono ya shati.

"Inatosha, shemeji," Assani alisema.

Shakila hakuliinua birika.

"Shemeji, inatosha."

Beseni lilijaa, maji yakavuka ukingo yakaingia mchangani, na benchi zima likatazama. Assani alinyoosha mikono yake mbele akamwacha amimine mpaka birika likaisha.